Kompyuta za shule zifunguliwe na kwa sisi walimu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu kutoka huku Tororo, mashariki mwa Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia kwenye sekondari moja ya serikali sio mbali na mpaka wa Malaba, huu ni mwaka wangu wa 14 darasani, na gazeti lako nalisoma siku nyingi ingawa huku kwetu huwa linafika limechelewa siku mbili. Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana nilipomaliza kozi ya mtandaoni ya teknolojia ya kufundishia. Barua itakuwa ndefu, nisamehe, lakini nikiifupisha itabaki malalamiko tu na mimi sitaki kulalamika, nataka watu waelewe.

Shule yetu ina kompyuta 22. Ziko kwenye chumba chenye grili madirishani na mlango wa chuma, kila moja imefunikwa kitambaa cha bluu na ubavuni imeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Ufunguo uko kwenye droo ya basa, yule anayeshika pesa za shule. Wanaoingia humo ni wanafunzi wa S5 na S6, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari, wanaochukua somo dogo la ICT, yaani kompyuta, na mwalimu wao mmoja, basi. Na mimi kozi nzima ya wiki tano nimeisoma kwa simu yenye skrini iliyopasuka kona, usiku, ndani ya neti ya mbu, nimejifunika shuka kichwani ili mwanga usiamshe watoto. Kutoka mlango wa nyumba yangu mpaka mlango wa hicho chumba nimehesabu, ni hatua 60.

Nianze mbali kidogo ili mjue kwa nini mtu wa umri wangu alianza kuhangaika na hizi kozi. Mwezi wa tatu 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na ingawa watahiniwa walirudi kabla na madarasa mengine yakarudi kwa zamu halafu yakafungwa tena, madarasa yote kufunguliwa ilikuwa tarehe 10 Januari 2022, yaani karibu miaka miwili, dunia nzima ikawa inatuongelea kwamba hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kama Uganda. Serikali ilijaribu, kulikuwa na masomo redioni na kwenye televisheni, kulikuwa na karatasi za kujisomea nyumbani ndani ya magazeti na zingine zikipitia kwa wenyeviti wa LC, yaani serikali za mtaa. Na mimi nilijaribu kivyangu. Nilikuwa naandika notsi kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa, napiga picha, natuma WhatsApp kwa wazazi niliokuwa na namba zao. Wengi walikuwa na katochi tu, zile simu ndogo za batani, picha haifunguki kwenye katochi, na hao wachache wenye simu kubwa sikujua kama mtoto ameona au hakuona. Nilituma hivyo miezi na miezi na niliamini kwa moyo wote kwamba nafundisha.

Siku tuliyorudi nilichukua rejista ya darasa langu, watoto 71, nikaita majina mmoja mmoja. 19 hawakuitika. Wengine nilikuja kuwaona Malaba wanapakua mizigo kwenye malori, wasichana wawili wakawa na watoto mgongoni, mmoja aliniona sokoni akageuza uso. Hiyo rejista bado ninayo. Ndio sababu mwenzangu wa Jinja aliponiambia kuna kozi ya bure ya kumfundisha mwalimu namna ya kutumia teknolojia, nilijiandikisha usiku uleule, maana nilishajua kitu ninachokitafuta.

Wiki ya kwanza karibu nikimbie kwa sababu ya maneno. Kiingereza nimesoma na nafundishia humo Historia, lakini haya yalikuwa maneno ya watu wa kompyuta. Nikafanya kile ninachowaambia wanafunzi wangu wafanye, nikachukua daftari nikaanza kutafuta Kiswahili chake. Kulikuwa na neno moja refu la masomo ambayo watu hawakutani kwa wakati mmoja, nikalizungusha siku nzima kichwani, jioni nikaandika "kila mtu na saa yake". Na lile la watu wote kuwa mtandaoni pamoja nikaandika "sote saa moja". Nilivyoandika hivyo nikaelewa kitu ambacho kwa Kiingereza kilinipita: huku kwetu ambako umeme unaweza kukatika saa mbili usiku ukarudi saa nane, ukimlazimisha mtu "sote saa moja" umeshamtoa nje ya darasa, lakini ukimpa "kila mtu na saa yake" atasoma umeme ukirudi. Madam wa Bayolojia, ambaye tulikuwa tunaifanya hiyo kozi pamoja, alinakili daftari langu lote na sasa wanalitumia walimu wanne.

Nikajifunza pia kwamba hizi kozi kubwa za wazi sio za zamani sana. Zilipata jina mwaka 2008 kule Canada, George Siemens na Stephen Downes walikuwa wanafundisha kozi kwenye Chuo Kikuu cha Manitoba, wanafunzi wanaolipa karo walikuwa kama 25 hivi, wakaamua kuufungua mlango wa mtandaoni kwa yeyote anayetaka bila kulipa na watu zaidi ya 2,000 wakaingia. Hii habari ilinigusa kuliko mambo mengi ya kwenye kozi, kwamba wale 25 hawakupungukiwa kitu kwa sababu wengine wameingia, somo ni lilelile, walimu ni walewale. Nilikuwa naisoma nikiwa chini ya shuka nikawa nawaza kile chumba chetu.

Sasa tuongee data, maana hapa ndipo walimu wengi wanaacha. Kozi ni bure ndio, lakini kuifikia sio bure. Wiki ya kwanza nilifungua video zote kama zilivyopangwa na bando nililonunua la wiki likaisha siku ya pili, nikanunua lingine, likaisha, mke wangu akaniuliza kama bado tunazungumzia kozi ya bure. Mimi ni mwalimu wa sanaa, ile nyongeza ya 2022 iliyopeleka mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii kwenye milioni 4 haikutufikia sisi, kwa hiyo kila elfu mbili ya bando inatoka mahali ambapo kuna mtu anaisubiri. Kilichoniokoa ni kugundua kwamba chini ya kila video kulikuwa na maandishi yake yote, neno kwa neno, unaweza kudaunlodi ukasoma bila intaneti, na faili la maandishi ni dogo kabisa ukilinganisha na video yenyewe. Kuanzia hapo nikawa nafungua mtandao dakika 10 asubuhi karibu na geti ambako netiweki inashika vizuri, nachukua maandishi ya siku hiyo, nafunga data, nasoma usiku. Video niliangalia zile tu ambazo mtu anaonyesha kwa mikono kitu kinavyofanyika. Mwalimu unayesoma barua hii na uliacha kozi kwa sababu ya bando, rudi, anza na maandishi.

Na hapo niseme na wakubwa kidogo. Tulikuwa na ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, ikaondolewa Julai 2021 na badala yake ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Najua serikali inahitaji kodi, barabara ninayopita inatengenezwa kwa kodi. Na sheria yenyewe iliacha nje data ya huduma za elimu na afya, ila bando la mwalimu anayesoma ili afundishe watoto wa serikali naona linakatwa sawasawa na la mtu anayeangalia mpira, na sidhani ni jambo gumu kupata njia ya kurasa za masomo na za kozi za walimu zisikatwe.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonibadilisha. Kulikuwa na somo kuhusu watu watatu wa Canada, Garrison, Anderson na Archer, ambao mwaka 2000 waliandika kwamba masomo ya mbali yanahitaji kuwepo kwa aina tatu: mwalimu awepo, wenzako wawepo, na fikra iwepo, yaani swali ambalo mtu analihangaikia. Ikikosekana mojawapo unabaki na karatasi tu. Nilisoma hapo nikaweka simu chini. Nikakumbuka zile picha za notsi nilizotuma 2020. Mwalimu hakuwepo, kulikuwa na mwandiko wake tu. Wenzake hawakuwepo, kila mtoto peke yake na simu ya baba ambayo anapewa nusu saa. Na swali halikuwepo hata moja, zilikuwa ni notsi za kukariri. Nilikuwa na namba za wazazi zaidi ya 30, wengi wao katochi, na katochi inapokea meseji na inapiga simu! Ningeweza kutuma swali moja kila Jumatatu kwa meseji ya kawaida, watoto wa mtaa mmoja wakutane wawili watatu walijadili huku wamekaa mbali mbali, Ijumaa nikawapigia dakika tano. Hiyo pia ni teknolojia. Sikujua. Hakuna aliyewahi kunifundisha na mimi sikuwahi kupata mahali pa kujaribu.

Halafu tukafika kwenye rasilimali huria, yaani vitabu, picha, hadithi na masomo ambayo mwenyewe ameyaachia kwa leseni kwamba chukua, chapisha, tafsiri, badilisha, ila mtaje aliyeandika. Kwa mwalimu wa Kiswahili Uganda hii ni kama mvua baada ya kiangazi. Bunge lilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwenye katiba mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likataka kiwe somo la lazima msingi na sekondari, lakini mimi darasani nina vitabu 11 kwa watoto 84. Kupitia kozi ndio nikaijua African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wenye hadithi fupi za watoto za leseni huria, zipo za Kiswahili na za lugha nyingi za Kiafrika, na unaruhusiwa kabisa kutafsiri ukaongeza lugha yako. S1 yangu sasa wanasoma hizo, nimechapisha chache na zingine wanakaa kuzunguka simu yangu. Watoto wawili Wajapadhola wameanza kutafsiri moja kwenda Dhopadhola, wanabishana kuhusu neno la "kobe" mpaka kengele inapigwa.

Nirudi kwenye ufunguo. Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kuandaa mpango wa somo kwenye jedwali lenye safu tano, uutume kama faili. Kwenye simu yangu jedwali lilikuwa linavunjika, ukigusa safu moja nyingine inakimbia, nilihangaika usiku mbili. Nikaenda kwa hedimasta. Ni mtu mwema, nasema hivyo nikimaanisha, amewahi kunikopesha pesa za hospitali bila kuniuliza nitalipa lini. Nikamwomba masaa mawili tu kwenye hiyo maabara ya kompyuta, siku yoyote, hata Jumapili. Akakaa kimya kidogo akaniambia, "Mwalimu, mkaguzi akija hataniuliza walimu wangapi wamejifunza. Ataniuliza kompyuta ngapi zinafanya kazi. Ikiharibika moja mkononi mwako nitaandika nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimshukuru nikatoka. Na mpaka leo nikifikiria naona alisema ukweli mtupu, kosa sio lake, kosa liko kwenye swali la mkaguzi.

Jumamosi nikapanda boda mpaka Malaba. Kuna vibanda vingi vya kuchapa pale karibu na malori yanakopanga foleni, madereva wanachapisha karatasi zao za mizigo. Nikaingia kimoja, kijana aliyekuwa amekaa kwenye kompyuta akasimama haraka, "Shikamoo mwalimu!" Nikamwangalia mpaka nikamjua. Alikuwa mmoja wa wale 19. Mwaka 2020 baba yake alikosa kazi, akaanza kubeba mizigo, baadaye akaajiriwa kufagia kibanda, akawa anaangalia wenzake wanavyochapa, na sasa mwenye kibanda anamwachia biashara nzima. Shule hakurudi. Aliniambia hivyo tu, kwa kifupi, akavuta kiti.

Nikamweleza ninachotaka nikidhani atanitengenezea nilipe niondoke, ndio biashara yao, ukurasa shilingi kadhaa. Akasema hapana mwalimu, kaa wewe. Akanipa kiti chake. Nikashika mausi na mshale ukawa unakimbia kila upande, nikamsogezea ashike yeye, na yeye akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Akasimama hivyohivyo, mikono nyuma, kama saa nzima. Nikikosea alikuwa ananiuliza "Umeona nini kimetokea?" halafu ananyamaza. Kulikuwa na dereva anasubiri karatasi, akamwambia boss nipe dakika mwalimu wangu anamaliza. Jedwali likakaa, safu tano, nikaandika kichwa cha kila safu mwenyewe, nikalihifadhi mwenyewe, nikafungua imeili na kulituma mwenyewe. Nilipotoa pesa akakataa, tukavutana, mwisho alikubali ya karatasi moja niliyochapa.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiria ile mikono. Miaka 14 mimi mtoto akikwama kwenye insha nachukua kalamu yake naandika sentensi sahihi, namrudishia. Nadhani nimemsaidia. Yule kijana ambaye hakumaliza hata S3 alijua kitu ambacho kozi ilikuwa inanieleza wiki tano kwa maneno magumu, kwamba mtu anajifunza kwa kushika mwenyewe, akosee, aone kimetokea nini. Na ndio maana, Ndugu Mhariri, chumba kilichofungwa kinaniuma hivi. Semina tumeitwa, tumekaa nyuma kwenye viti vya plastiki tumeangalia mtu anabonyeza kompyuta yake kwenye projekta, tumesaini tukala tukarudi nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshika.

Baada ya kozi nilijaribu somo langu la kwanza. Nilienda kwenye foleni ya malori, nikawaomba madereva ruhusa niwarekodi kwa simu nikiwauliza swali moja tu, unafanya nini ukifika mpakani. Watatu walikubali, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Eldoret, mmoja wa Kigali. Darasani nikaweka simu na spika ndogo ya bluetooth juu ya dawati la katikati, S2 watoto 84, wakakaa makundi 12 ya watoto saba saba. Wa Mombasa alisema "makaratasi yangu hayajatoka". Wa Eldoret akasema "makaratasi zangu hazijatoka". Kuna msichana anakaa nyuma kabisa ambaye muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake, akanyoosha mkono, akasema "Mwalimu, huyu wa pili anaongea kama sisi." Darasa likacheka lakini yeye hakucheka, akaomba irudiwe. Tukasikiliza mara tatu. Ngeli hiyo nimeifundisha ubaoni miaka yote na watoto wanaikariri na kuisahau, siku hiyo waliisikia wenyewe kwenye mdomo wa mtu, wakaandika lini watatumia ya kwanza na lini ya pili, kwenye mtihani au sokoni. Sikumwambia mtoto yeyote kwamba dereva wa Eldoret amekosea, nilitaka waone kwamba kuna Kiswahili cha mahali na mahali, na mtihani ni mahali mojawapo. Hapo nilitumia simu moja na spika ya kuazima. Nawaza ningekuwa na mashine 22, kila watoto wanne na yao, wanasimamisha wenyewe na kurudisha nyuma wenyewe.

Wapo watakaosema tatizo la maabara ni intaneti, kwamba hakuna, kwa hiyo ukifungua utafanya nini. Hilo nimelisikia sana. Lakini mambo mengi mazuri hayahitaji intaneti yakishaingia kwenye mashine. Kuna Kolibri, ni programu ya bure iliyotengenezwa makusudi kwa shule zisizo na mtandao, unaijaza masomo mara moja mahali penye intaneti halafu unaibeba kwa fleshi. Kuna majaribio ya sayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman ambaye alishapata Nobel ya fizikia, unadaunlodi jaribio moja moja, mtoto anaunganisha waya na balbu na betri kwenye skrini bila kuunguza kitu. Mwalimu wetu wa fizikia ana balbu nne za majaribio kwa shule nzima. Nilimwonyesha PhET kwenye simu yangu, akaniomba simu, alikaa nayo mapumziko yote hakunywa chai.

Na wanaosema tunazilinda mashine zisiharibike, naomba wasikie hili pia. Muhula uliopita mwalimu wa ICT alipoziwasha zote kujiandaa na mitihani, 22 zile, zilizowaka ni 15. Panya walikuwa wamekata waya za tatu, zingine vumbi, zingine hajui. Hizo saba hakuna mwalimu aliyezigusa.

Tena mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka mtoto afanye miradi, atafute habari mwenyewe, na alama za kazi za darasani ni asilimia 20 ya UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa S4, watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walikaa 2024. Mimi mwalimu natakiwa nisimamie mradi wa utafiti wa mtoto ambaye haruhusiwi simu shuleni na haingii maabara mpaka afike S5. Mtoto akiniuliza atafute wapi namjibu nini?

Ninachoomba sio kikubwa. Kwa wakubwa wa elimu, andikeni waraka mmoja kwa mashule useme kwamba kompyuta ikiharibika kwa sababu ya kutumiwa kufundisha au kujifunza, sio deni la hedimasta wala la mwalimu, ni matumizi, kama chaki inavyoisha. Mkaguzi akija aombe daftari la maabara aone nani ameingia, lini na amefanya nini, kabla hajahesabu mashine. Kwa mahedimasta, jioni mbili kwa wiki kwa walimu, saa 11 mpaka saa moja, tusaini kuingia na kutoka, mwalimu wa ICT alipwe hata nauli ya kukaa na sisi. Na vyeti vya hizi kozi mtu anazosoma kwa bando lake mwenyewe usiku viingie kwenye faili lake la kazi vihesabiwe, maana mimi cheti changu nilikichapa Malaba kwenye kibanda cha yule kijana, nikakipeleka ofisini, nikaambiwa kitunze nyumbani.

Naomba na walimu wengine wa Kiswahili, kuanzia Busia mpaka Kasese na Arua, kama kuna shule ambayo maabara inafunguliwa kwa walimu waandike humu gazetini waeleze wamefanyaje, walimwambia nini hedimasta, ufunguo anakaa nao nani. Mwezi ujao tuna mkutano wa walimu na nimeomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda, nikiwa na mfano wa shule hata moja nitausoma pale mbele ya wote.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili na Historia,
Tororo